USIFUNGE NJIA YA MWENZAKO
Somo juu ya mapatano: kumwachia mwenzako nafasi ya kutimiza neno alilokubali



Mara nyingi tunafundishwa kwamba ahadi ni deni, na kila mwamini atimize neno lake. Fundisho hilo ni la kweli na hatuliondoi. Lakini leo tunataka kutazama upande mwingine, ambao hausemwi sana katika mikutano yetu. Kuna mtu aliyeahidi, naye anataka kutimiza. Yuko tayari, vyombo vyake viko mkononi. Lakini yule aliyepatana naye ndiye anayemfungia njia. Halafu siku ya mwisho ikifika, yule aliyefunga njia ndiye wa kwanza kupiga kelele: "Hukutimiza! Sikulipi!"

Neno hili si dogo. Kwa sababu yake fundi anarudi nyumbani mikono mitupu na watoto wanalala njaa. Kwa sababu yake mjane anapoteza parseli aliyoachiwa na mume wake. Kwa sababu yake wandugu wawili waliokuwa wakila meza moja ya Bwana hawasalimiani tena. Ndiyo maana tumeona ni vema kulifundisha waziwazi.

Shabaha ya somo ni kujua mambo matatu: kwanza, kizuizi ni nini na ni nini kisicho kizuizi, pili, sheria inasema nini juu ya mtu anayemzuia mwenzake, tatu, mtu aliyezuiwa afanye nini ili haki yake isipotee.

I. MAPATANO YANA MIKONO MINE

Mapatano, ambayo watu wa tribinali wanayaita kontra, hayafanywi na mtu mmoja. Ni watu wawili, na kila mmoja ana mikono miwili. Basi kazi ya mapatano ina mikono mine. Wengi wetu tunahesabu miwili tu, ile ya mwenzetu.

Tuseme mtu anajenga nyumba. Anapatana na masoni kwamba kuta zisimame kabla ya mvua, naye mwenye nyumba ataleta simenti na mchanga. Masoni anafika siku ya Jumatatu pamoja na wasaidizi wake wawili. Simenti hakuna. Anaambiwa, "Kesho." Kesho inakuwa juma moja, juma moja linakuwa mwezi. Wasaidizi wanakwenda kutafuta kazi pengine. Mvua inaanza. Sasa mwenye nyumba anasema: "Tulipatana kuta zisimame kabla ya mvua. Hazikusimama. Urudishe avansi yangu."

Ukisoma karatasi yao tu, mwenye nyumba ana haki: tarehe imepita na kuta hazipo. Lakini kila mtu mwenye akili anaona kwamba haki haiko kwake. Kuta hazikusimama kwa sababu yeye mwenyewe hakuleta simenti. Hawezi kufaidika kwa kosa alilolifanya kwa mkono wake.

Basi ndani ya kila mapatano kuna neno moja ambalo halihitaji kuandikwa: mimi ninayekuomba utimize, sitakuzuia kutimiza, na pale kazi yako inapongojea mkono wangu, nitatoa mkono wangu. Hata kama karatasi haisemi, neno hilo limo.

II. MATOFALI BILA MAJANI

Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 5, tangu aya ya 6 mpaka 19. Wana wa Israeli walikuwa wakifyatua matofali huko Misri. Matofali ya udongo ule yalichanganywa na majani makavu ili yashikamane, na Wamisri ndio waliokuwa wakiwapa majani hayo. Siku moja Farao akaamuru wasipewe tena, wakatafute wenyewe. Lakini hesabu ya matofali ya kila siku isipunguzwe hata moja.

Tuone ilivyokuwa. Watu wakatawanyika katika nchi yote kutafuta mabua. Hesabu ikapungua. Wasimamizi Waisraeli wakapigwa na kuulizwa kwa nini kazi haikufika kipimo. Walipokwenda kumlilia Farao na kumwonyesha kwamba kosa liko kwa watu wake mwenyewe, yeye akawajibu kwamba wao ni wavivu.

Ni kweli, watu wale hawakuwa na kontra na Farao. Walikuwa katika utumwa, na utumwa wenyewe ni ubaya mkubwa kuliko kukosa majani. Lakini katika habari hii tunaona tabia yote ya mtu mwenye kuzuia, hatua kwa hatua. Kwanza anaondoa kitu ambacho kazi haiwezi kwenda bila hicho. Pili anashika hesabu ileile. Tatu anamwadhibu mwenzake kwa upungufu ambao yeye ameuleta. Na nne, anamwita mvivu.

Wandugu, hatua hiyo ya nne inauma kuliko zote, maana inamwondolea mtu pesa na tena inamwondolea jina. Masoni yule wa nyumba bila simenti ataitwa mwizi wa avansi katika mtaa mzima, na kazi nyingine hatapata. Kabla ya kumwita mwenzako mvivu, jiulize kwanza majani yako wapi.

III. MNUNUZI ALIYEJIFICHA

Mfano wa pili unatoka katika sheria ya Musa na namna Wayahudi walivyoishika. Katika Walawi 25:29-30 tunasoma juu ya mtu aliyeuza nyumba ya kukaa ndani ya mji wenye ukuta. Sheria ilimpa mwaka mmoja wa kuikomboa. Akileta pesa ndani ya mwaka huo, nyumba inarudi kwake. Mwaka ukiisha bila kuikomboa, nyumba inakuwa ya mnunuzi kwa siku zote, hata katika mwaka wa Yubile hairudi.

Sheria hii ilikuwa nzuri kwa mtu maskini, maana ilimpa nafasi. Lakini watu wenye werevu walipata njia ya kuipinda. Katika maandiko ya walimu wa Wayahudi yanayoitwa Mishna, yaliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, imeelezwa kwamba mnunuzi alikuwa akijificha siku ya mwisho ya ule mwaka. Mwuzaji anafika na pesa zake, anapiga hodi, hakuna mtu. Jua linashuka, mwaka umeisha, nyumba imepotea. Mnunuzi hakuiba. Hakusema uongo. Alijificha tu. Na kwa kujificha kwake alichukua nyumba ya mwenzake.

Alikuwako mwalimu mmoja jina lake Hillel, ambaye aliishi wakati wa mfalme Herode, kabla kidogo ya huduma ya Bwana Yesu. Yeye aliweka amri mpya: mwuzaji asipomkuta mnunuzi, aweke pesa katika chumba cha hekalu, kisha avunje mlango wa nyumba yake na kuingia. Mnunuzi akitaka pesa zake, atakwenda kuzichukua wakati wowote apendao.

Tuone hekima ya amri hiyo. Hillel hakubadilisha sheria ya mwaka mmoja. Hakumpa mwuzaji mwaka wa pili. Alisema tu kwamba mtu aliyefanya yote yaliyo upande wake asihesabiwe kuwa ameshindwa kwa sababu mwenzake amefunga mlango.

Je, mambo haya yamekwisha? Hayakwisha. Katika miji yetu mtu anakopa dola, anaweka karatasi za parseli kuwa rehani, na tarehe inaandikwa. Siku inapokaribia anafika na pesa. Mkopeshaji amesafiri. Simu yake imezimwa. Mke wake hajui atarudi lini. Tarehe ikipita, mkopeshaji anaonekana, tena pamoja na watu wa kupima kiwanja. Tunasema mbele za Mungu: hiyo si biashara. Hiyo ni kujificha siku ya mwisho ya mwaka.

IV. TRIBINALI ZA NCHI NYINGINE ZILIVYOAMUA

Wamoja watasema, "Hayo ni mambo ya kanisa, serikali hayajui." Sivyo. Tutaeleza kesi mbili ambazo wanafunzi wa sheria wanazisoma mpaka leo.

Kesi ya kwanza ni ya Scotland, nayo iliamuliwa huko London katika mwaka 1881 na tribinali ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule. Watu wa kampuni moja walimwuzia bwana mmoja, jina lake Mackay, mashini ya kuchimba udongo kwa nguvu za mvuke. Bei ilikuwa pauni 1,125. Mackay alikuwa na kazi ya kukata udongo ili reli ipite mahali panapoitwa Carfin. Walipatana kwamba mashini ijaribiwe pale Carfin, mahali palipotayarishwa vizuri. Ikichimba kipimo walichoandika kwa siku moja, Mackay aichukue na kulipa. Ikishindwa, wauzaji waiondoe.

Lakini kutayarisha mahali pa kujaribu ilikuwa kazi ya Mackay. Hakupatayarisha kama walivyopatana. Mashini haikupata jaribio la haki, naye akakataa kulipa, akisema haikuonyesha nguvu zake. Waamuzi walisema hivi, kwa maneno yetu: watu wawili wakipatana juu ya jambo ambalo haliwezi kufanyika bila wote wawili kushirikiana, kila mmoja amekubali kufanya sehemu yake ili jambo hilo lifanyike, hata kama haikuandikwa. Mackay alilazimishwa kulipa bei yote, kana kwamba mashini imeshinda jaribio, maana yeye ndiye aliyelizuia.

Kesi ya pili ni ya New York, Marekani, mwaka 1912. Mtu mmoja, Patterson, alipatana kumwuzia Meyerhofer nyumba nne. Nyumba hizo hazikuwa zake bado. Zilikuwa zitauzwa kwa mnada kwa sababu ya deni, naye alikuwa na mpango wa kuzinunua huko mnadani, kisha kumpa mnunuzi wake. Mnunuzi alilijua jambo hilo. Siku ya mnada mnunuzi mwenyewe akaenda, akapandisha bei juu ya Patterson, akazichukua nyumba zote nne moja kwa moja. Akapata kwa bei ya chini kuliko ile waliyopatana.

Mnunuzi alijitetea: mnada ni wa watu wote, kila mtu anaweza kuingia na kutaja bei. Ni kweli kwa mtu mwingine yeyote. Lakini tribinali ya juu ya jimbo lile ilisema kwamba yeye hakuwa mtu mwingine yeyote. Alikuwa amepatana na Patterson, na ndani ya mapatano yale mlikuwa na neno kwamba hakuna upande utakaofanya kusudi jambo la kumzuia mwenzake asitimize. Jambo ambalo ni halali kwa mpita njia linaweza kuwa kosa kwa mtu aliyetoa neno lake. Tulishike fundisho hilo.

V. SHERIA YA NCHI YETU

Hapa kwetu Congo, sheria ya mapatano iko katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni sehemu ya Kitabu cha Tatu cha sheria za raia. Ni sheria ya zamani sana, iliwekwa wakati wa Leopold wa Pili, lakini mpaka leo tribinali zetu zinaitumia. Kifungu cha 33 kinafundisha kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya, na kwamba yatimizwe kwa nia njema.

Maneno hayo "nia njema" ndiyo mlango wa somo letu. Mtu mwenye nia njema hafungi njia. Mtu anayeficha ufunguo, anayezima simu, anayewatuma wengine kuharibu kazi, hana nia njema, hata kama hakuna mstari wa karatasi unaomkataza.

Dekreti ile ilifuata njia ya sheria ya Ufaransa na Ubelgiji. Katika kitabu cha sheria cha Ufaransa cha mwaka 1804, kifungu cha 1178 kilisema kwamba kama deni lako linangojea jambo fulani litokee, nawe ukalizuia jambo hilo lisitokee, basi litahesabiwa kuwa limetokea. Tangu tarehe 1 Oktoba 2016 neno hilo limewekwa upya huko Ufaransa katika kifungu cha 1304-3. Ni fundisho lilelile waamuzi wa mashini ya Carfin walilolifuata.

Tena katika sheria za namna hiyo kuna njia ya mtu ambaye mkopeshaji wake anakataa kupokea pesa. Anamtolea pesa waziwazi mbele ya mtu wa sheria. Zikikataliwa, anaziweka mahali sheria inapoonyesha. Ikithibitishwa kwamba alifanya sawasawa, anahesabiwa kuwa amelipa. Wandugu, mnaona? Ni njia ya Hillel.

Kwa wafanyakazi wenye kontra ya kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwenye kazi ampe mfanyakazi kazi waliyopatana, mahali na wakati waliopatana.

Kwa kifupi, mtu akithibitisha kwamba alizuiwa na mwenzake, mambo haya yanaweza kufuata:
(a) Aliyezuia hawezi kutumia upungufu ule kuwa sababu ya kukataa kulipa.
(b) Siku zilizopotea hazihesabiwi juu ya aliyezuiwa, anapewa muda.
(c) Aliyezuia anaweza kulazimishwa kulipa hasara: siku za wasaidizi waliongojea bure, gari lililorudi tupu, na faida iliyopotea.
(d) Kizuizi kikiwa kikubwa, aliyezuiwa anaweza kuomba mapatano yavunjwe, naye asihesabiwe mkosaji.

VI. NAMNA TANO ZA KUFUNGA NJIA

Tuone sasa namna kizuizi kinavyoonekana katika maisha yetu.

1. Kutoleta kile ulichokubali kuleta. Huo ndio mfano wa simenti. Hata koro zetu zinaingia hapa. Koro inapatana na mama mmoja fundi wa kushona: nguo arobaini ziwe tayari kwa siku kuu. Mama anaita watu waje kupimwa. Wanakuja kumi. Wengine wanafika juma la mwisho. Nguo zikikosa kumalizika, tunamnyima mama sehemu ya pesa zake. Je, alichelewa yeye au tulichelewa sisi?

2. Kujificha na kukataa kupokea. Huo ndio mfano wa rehani. Vilevile mnunuzi wa makala au mahindi aliyeagiza kamyo nzima, halafu bei ya soko ikishuka anafunga depo yake ili mzigo usipokelewe, kisha anasema umechelewa kufika.

3. Kunyima karatasi, ufunguo, au sahihi. Mtu ameuza parseli na amekubali kufika ofisini kutia sahihi. Kila mara anaitwa, kila mara ana safari. Baadaye anasema mnunuzi hakumaliza mambo ya karatasi kwa wakati, basi anauza parseli ileile kwa mtu wa pili.

4. Kuharibu kile ambacho mwenzako anategemea. Mwenye shamba anampa mtu nafasi alime, wagawane mavuno. Kisha anaacha mbuzi wake waingie katika mahindi, na siku ya kuvuna anadai nusu kamili. Au mtu anampa fundi kazi kwa bei moja ya jumla, halafu kwa siri anawavuta wasaidizi wa fundi waende kwenye kazi yake nyingine.

5. Kubadilisha amri kila siku. Leo dirisha liwe hapa, kesho libomolewe liwe kule, lakini tarehe ya kumaliza na bei vibaki vilevile. Hiyo ni hesabu ya Farao.

VII. KISICHO KIZUIZI

Lazima tupime kwa haki pande zote mbili, kwa maana wako wafanyakazi wanaotumia neno "nilizuiwa" kufunika uvivu wao.

Si kizuizi mwenye nyumba akisema, "Simama, ukuta umepinda, urekebishe." Kukagua kazi ni haki yake, kama anakagua kwa ukweli.

Si kizuizi mtu akitumia nafasi ambayo mapatano yenyewe yanampa. Kama mlipatana kwamba sehemu ya pili ya pesa italipwa paa likimalizika, huwezi kusema amekuzuia kwa kutokulipa kabla ya paa.

Si kizuizi cha mwenzako mvua ikibomoa daraja, au vita ikifunga barabara. Hayo yana fungu lake katika sheria; yanaitwa nguvu isiyoshindika. Yanaweza kumwondolea mtu lawama, lakini hayamtii mwenzake hatiani.

Si kizuizi cha mwenzako kama kitu kilichokosekana kilikuwa juu yako. Ulikubali kuleta mchanga mwenyewe, usimlaumu mwenye nyumba kwamba hakukuletea.

Tena kuna swali moja la kuuliza daima: kama kizuizi kisingalikuwapo, ungaliweza kutimiza? Masoni asiye na wasaidizi wala vyombo, ambaye asingalijenga hata kama simenti ingalijaa kiwanja, hawezi kujificha nyuma ya simenti iliyokosekana. Sheria inamsaidia yule aliyekuwa tayari.

VIII. UKIZUIWA, FANYA HIVI

Kwanza, sema mapema. Usingoje tarehe ipite. Siku ya kwanza simenti inapokosekana, mwambie mwenye nyumba kwa upole, na awepo mtu wa kushuhudia.

Pili, andika. Barua fupi inatosha: tarehe, kitu kinachokosekana, na kwamba wewe uko tayari. Mfanye mwenzako atie sahihi kwamba ameipokea, au uitume mbele ya mashahidi. Shika kopi. Hata ujumbe wa simu usiufute. Barua ya namna hiyo ina nguvu mbele ya tribinali, maana inaonyesha kwamba ulimwomba mtu atimize sehemu yake, naye akakataa.

Tatu, onyesha kwamba uko tayari. Fika mahali pa kazi. Hesabu pesa za deni mbele ya mashahidi wawili au watatu, na waandike majina yao.

Nne, usiache kazi kwa hasira bila kusema. Ukiondoka kimya, mwenzako atasema wewe ndiye uliyevunja mapatano, na kesi itageuka juu yako.

Tano, usilipize. Amezima simu, nawe unachukua mabati yake usiku; sasa mmekuwa wakosaji wawili. Hillel alimruhusu mwuzaji avunje mlango, lakini ni baada ya kuweka pesa zote mahali pa wazi, na kwa amri iliyojulikana na wote. Hakuna aliyempa ruhusa kila mtu ajifanyie haki.

Sita, tafuta wapatanishi. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto sura ya 6, aliwakemea waamini waliokimbilia kushtakiana bila kutafuta mtu mwenye hekima kati yao. Basi tuanze na wazee wa kanisa, au wazee wa mtaa. Wakishindwa, tribinali ya amani ipo, nayo si dhambi kwenda kuomba haki kwa njia ya wazi. Lakini kama kuna tarehe inayokaribia, hasa juu ya rehani, usikae kungoja kikao cha wazee mpaka tarehe ipite. Umwone avoka au karani wa tribinali mapema ili akuonyeshe namna ya kuweka pesa.

IX. NENO KWA KOMITE ZETU

Somo hili linatugusa sisi viongozi zaidi ya wengine. Kanisa linajenga, linaagiza viti, linashonesha nguo, linakodi gari la kupeleka waamini kwenye sikukuu. Mara nyingi fundi anayefanya kazi ya kanisa ni mwamini wetu mwenyewe, naye anaona haya kudai. Tunamwambia, "Ni kazi ya Mungu, vumilia." Lakini simenti ya kanisa ikichelewa, tumbo la mtoto wake halijui kwamba ni kazi ya Mungu.

Katika Kumbukumbu la Torati 25:4 Mungu alikataza kumfunga ng'ombe kinywa wakati anapokanyaga nafaka. Kama Mungu aliangalia mdomo wa ng'ombe anayefanya kazi, je, hataangalia mkono wa fundi ambao sisi tumeufunga?

Basi tunaomba kila komite, kabla ya kutia sahihi mapatano yoyote, iandike orodha mbili: upande mmoja yale ambayo fundi atafanya, upande wa pili yale ambayo sisi tutafanya ili fundi aweze. Jina la mtu liandikwe mbele ya kila neno: nani ataleta mchanga, nani ana ufunguo, nani atapokea kazi, tarehe gani. Tukiona orodha ya pili haina mtu, tusianze kazi bado.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika Kutoka sura ya 5, Farao alifanya mambo gani manne? Ni lipi kati ya hayo tunaliona katika mtaa wetu?
2. Kwa nini Hillel hakuongeza muda wa mwaka mmoja, bali alitafuta njia nyingine?
3. Mnada ulikuwa wa watu wote. Kwa nini basi mnunuzi wa nyumba nne alihesabiwa kuwa amekosa?
4. Masoni anasema alizuiwa, lakini hakumwambia mwenye nyumba neno lolote mpaka tarehe ikapita. Mtamshauri nini? Na mwenye nyumba mtamwambia nini?
5. Je, kuna mtu anayengojea mkono wako leo ili atimize neno alilokuahidi? Unangoja nini kumpa?

Wandugu, swali hilo la tano lisijibiwe kwa mdomo. Kila mtu alijibu juma hili kwa kupeleka ufunguo, au karatasi, au simenti, au kwa kufungua simu yake na kupokea pesa za mwenzake kwa amani.

Bwana atupe mioyo ya haki. Amina.